Bunduki, Posho na Lugha: Kiswahili katika Kuanguka kwa Msiri wa Katanga, 1891

Maandishi mengi kuhusu historia ya Kiswahili hukiita lugha ya biashara, kana kwamba kilifika bara kikifuatana na shanga, nguo na pembe za ndovu pekee. Kisa cha Katanga kinalitia shaka jina hilo. Huko Kiswahili kiliingia pia na jeshi la uvamizi, na wengi wa waliobeba bunduki hizo hawakuwa Wazungu.

Himaya iliyoangushwa ilikuwa yenyewe zao la ushindi. Msiri, mzaliwa wa Unyamwezi, alifuata nyayo za baba yake Kalasa, mfanyabiashara wa shaba, akalowea Katanga katikati ya karne ya 19. Bunduki zilimpa nguvu ambayo machifu wenyeji hawakuwa nayo. Kutoka Bunkeya, mji wake mkuu, yeye na wafuasi wake Wayeke waliutawala ufalme wa Garanganza, wakidhibiti shaba, chumvi, pembe na watumwa. Misafara yao ilielekea mashariki hadi pwani ya Waswahili, na magharibi hadi Benguela, ambako baruti ilipatikana. Si haki, hata hivyo, kumchora Msiri kama shujaa mtupu. Ukatili wake uliwachosha Wasanga, nao kufikia mwaka 1891 walikuwa wamekwisha kuasi. Dola lililojengwa kwa baruti lilianza kuyumba baruti ilipoadimika.

Katika hali hiyo ndipo wageni walipofuatana mlangoni pake. Alfred Sharpe alifika mwishoni mwa 1890 kwa niaba ya kampuni ya Cecil Rhodes. Msiri akaukataa mkataba wake. Wajumbe wa Mfalme Leopold II, Paul Le Marinel na baadaye Alexandre Delcommune, nao hawakufanikiwa kumtiisha. Kisha ukaja msafara wa William Stairs, mzaliwa wa Kanada, uliotokea Zanzibar.

Mtafiti wa lugha hana budi kutua hapa. Wazungu katika msafara huo walikuwa watano tu. Mamia waliobaki walikuwa wapagazi na askari, wengi wao wakiwa wameajiriwa Zanzibar na pwani. Amri, zamu za ulinzi na ugawaji wa posho vilipitia kwa wanyapara, kwa Kiswahili. Neno mnyapara lenyewe lina asili ya Kinyamwezi, lugha ya kwao Msiri. Hivyo istilahi ya uongozi iliyokuwa imetoka Unyamwezi kuelekea pwani ilirudi bara ikiwa katika safu za watu waliokuja kumwangusha Mnyamwezi. Kejeli hiyo haionekani kabisa pale Kiswahili kinapoelezwa kama chombo kisicho na upande.

Stairs alifika Bunkeya tarehe 14 Desemba 1891. Siku sita baadaye, Kapteni Omer Bodson alitumwa na kikosi kumkamata Msiri. Msiri alipigwa risasi akafa, na Bodson naye akauawa na mmoja wa watu wa Msiri. Mrithi, Mukanda Bantu, aliikubali bendera ya Leopold, na baadaye wapiganaji wa Kiyeke wakawasaidia watawala wapya dhidi ya Wasanga wale wale. Washindi hawakunufaika upesi. Njaa iliikumba Bunkeya, na wapagazi wengi walifia huko au njiani. Stairs mwenyewe alifariki Chinde, Juni 1892, akiwa safarini kurudi.

Johannes Fabian, katika kitabu chake cha 1986, alionya dhidi ya kukihusisha Kiswahili cha Katanga na misafara peke yake, kwa kuwa sera za kikoloni na migodi ndivyo vilivyokijenga. Onyo hilo lina uzito: kampuni ya Union Minière ilianzishwa 1906, na Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Lakini migodi haikubuni uhusiano wa amri na utii, iliukuta. Posho iliendelea kugawiwa kwa jina lile lile, ingawa msimamizi wa kazi aliitwa kapita, neno lenye asili ya Kireno.

Habari za msafara wa Stairs zimetujia hasa kupitia shajara na vitabu vya maofisa wake, kwa Kifaransa na Kiingereza. Waliokizungumza Kiswahili hicho usiku na mchana wanaonekana humo kwa idadi: waliotoroka, waliougua, waliokufa.