Fisi na Njia ya Misafara

Fisi haingii mjini kwa ushujaa wake, bali kwa upungufu wa watu. Habari za Tabora zatufundisha hivyo. Zamani za misafara ya Bagamoyo na Ujiji, mpagazi aliyeugua mara nyingi aliachwa njiani, naye fisi akazoea kufuata nyayo za wanadamu. Vita na kazi ya kuchukua pembe vikawatoa vijana wa Unyamwezi mashambani. Katika miaka ya 1890 sotoka ikaua ng'ombe, na mahali palipolimwa pakarudi kuwa pori. Humo wakaingia nyama wa mwitu, na pamoja nao mbung'o, waletao malale. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, njia ya miguu ikaachwa, miyombo ikaifunika. Tangu miaka ya 1920 Serikali ya Kiingereza ikawahamisha watu wengi, wakae pamoja na kufyeka msitu.

Basi, tusimlaumu mnyama peke yake. Shamba la jirani ni boma letu sote. Na tukimwacha mgonjwa njiani, sisi wenyewe tumemwita fisi.