Karanga za Kongwa na Mizani ya Mvua

Leo tuache kidogo habari za mbolea, tuzungumze historia. Mkulima asiyejua tabia ya nchi yake analima kwa bahati. Hata serikali ya kikoloni ililima kwa bahati pale Kongwa, na bahati ikakataa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilipungukiwa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ikatuma wataalamu Tanganyika kutafuta mahali pa kulima karanga. Wakazunguka wiki chache tu, sehemu kubwa kwa ndege. Mpango wote ukawa wa ekari zaidi ya milioni 3, na mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa. Matrekta yakapambana na mibuyu na mizizi ya vichaka. Mvua zikakatika. Udongo ulipokauka ukawa mgumu kama saruji, karanga hazing'oki. Januari 1951 mpango ukafutwa, na zaidi ya pauni milioni 30 zilikuwa zimekwisha kwenda na maji.

Hebu tujiulize: kwa nini Kongwa ni pakavu? Kwanza, jua. Ukanda wa mvua hulifuata jua likienda kusini na kurudi. Kaskazini ya nchi yetu ukanda huo hupita mara mbili, tukapata vuli na masika. Ugogo hupata msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili. Pili, milima. Upepo wa Bahari ya Hindi ukipanda milima ya Ukaguru hupoa na kumwaga maji upande wa mashariki. Ukishukia Kongwa, umebaki mkavu.

Mizani ya mambo haya tuliachiwa na Wladimir Köppen, aliyezaliwa Urusi mwaka 1846 na kufanya kazi Ujerumani. Yeye alianzia kwenye mimea, maana mmea haudanganyi: huota pale unapoweza. Mwaka 1900 akazigawa tabia za nchi za dunia, na mafungu yake makubwa ni matano. A ni joto na unyevu, B ni ukame, C ni vuguvugu, D ni baridi kali ya kipupwe, E ni barafu. Fungu B ndilo linalotuhusu, kwa kuwa humo mvua hupimwa dhidi ya joto.

Hesabu yenyewe ni hii. Mahali ambapo mvua hunyesha majira ya joto, chukua wastani wa joto la mwaka, ongeza 14, kisha zidisha kwa 20. Dodoma, jirani ya Kongwa, joto ni nyuzi 23 hivi. Jibu ni milimita 740. Mvua yake haifiki 600, basi ni nchi kame. Ingekuwa chini ya nusu ya 740, tungeiita jangwa. Sasa sikilizeni: London nayo hupata milimita 600 hivi, lakini ni kijani, kwa sababu jua la kule ni dogo na mvua imegawanyika mwaka mzima. Mvua ni ile ile, nchi ni mbili tofauti!

Wagogo walilijua hilo bila hesabu. Walipanda mtama na uwele, wakafuga ng'ombe, wakakumbuka njaa ya Mtunya ya miaka ya 1918 hadi 1920. Wastani hauonyeshi mwaka wa njaa, mzee huukumbuka.

Na dunia sasa inazidi kupata joto. Kwa mizani ile ile, kila nyuzi moja ikiongezeka, shamba linadai milimita 20 zaidi, hata kama mvua haijapungua.

Kwa hiyo, ndugu mkulima, kabla hujanunua mbegu ya bei kubwa, uliza mambo matatu: mvua ni kiasi gani, inanyesha lini, na jua linachukua kiasi gani. Andika siku za mvua katika daftari. Na sisi mabwana shamba tukija, msituonee haya: tuulizeni kama tumezungumza na wazee wa hapo kwanza.

Mpaka juma lijalo, kilimo chema.