Picha Bila Waya: Husuma Iliyozunguka Kioo cha Televisheni

Jumapili ya tarehe 9 Machi 2025, watu wa nchi nyingi waliokuwa wamezoea kurusha picha kutoka katika simu na kompyuta zao hadi kwenye kioo cha televisheni bila kugusa waya walipata habari ya kuwashangaza: kwamba kile kifaa kidogo kilichochomekwa nyuma ya televisheni, ambacho hadi jana yake kilifanya kazi bila ila yoyote, sasa kilikuwa hakiaminiki. Kifaa chenyewe kilikuwa Chromecast ya toleo la pili, iliyotolewa na kampuni ya Google mwaka 2015. Hakikuungua, hakikuanguka, wala hakikuingia maji. Kilichokwisha kilikuwa cheti cha kidijitali kilichothibitisha uhalali wa kifaa hicho, cheti ambacho umri wake ulikuwa miaka 10, na ambacho siku ya ukomo wake ilipowadia kilikuwa hakijahuishwa. Google iliwaomba wenye vifaa hivyo wasivirudishe katika hali ya kiwandani, nao wakakaa siku kadhaa wakingoja dawa iletwe kwa njia ya intaneti, na dawa ikaja.

Miezi saba kabla ya mkasa huo, mwezi Agosti 2024, Google ilikuwa imetangaza kwamba haitatengeneza tena Chromecast, baada ya kuuza, kwa hesabu yake yenyewe, zaidi ya vifaa milioni 100. Chombo kilichoenea kiasi hicho kinastahili kuandikiwa historia yake kikiwa bado mikononi mwa watu. Nami nimeshika kalamu kwa sababu naona kwamba habari ya kuunganisha kompyuta na televisheni bila waya husimuliwa aghalabu kuwa ni habari ya werevu wa mafundi, ilhali sehemu yake iliyo kubwa zaidi ni habari ya husuma baina ya matajiri waliogombea mlango wa sebule isiyokuwa yao.

Kompyuta na televisheni zilijuana zamani. Mwaka 1982, Sinclair ya Uingereza ilipotoa ZX Spectrum na Commodore ya Marekani ilipotoa Commodore 64, mashine hizo ziliuzwa bila kioo, kwa kuwa watengenezaji walijua kwamba mnunuzi alikwisha kuwa na televisheni nyumbani. Ndani ya mashine kilitiwa chombo kidogo kilichoigeuza picha kuwa ishara kama ile itokayo katika kituo cha matangazo, ikapita katika waya hadi kwenye tundu la antena, na mwenye nyumba wa Kiingereza akaitafuta katika chaneli ya 36. (Wakati huo Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni, ingawa ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa wakitazama televisheni ya rangi tangu miaka ya sabini, jambo ambalo wana haki ya kujivunia mpaka leo.) Kisha ukaja waya wa HDMI, uliotangazwa Desemba 2002, ambao ulibeba picha na sauti pamoja, na ambao mpaka hivi leo haujapata mshindani kwa uaminifu.

Kuuondoa waya huo kulikuwa na uzito ambao mtazamaji hawezi kuudhania. Picha kamili ya televisheni ya kisasa ina nukta 1,920 kwa mapana na 1,080 kwa kimo. Kila nukta huhitaji biti 24 za rangi, na picha hubadilika mara 60 kwa sekunde, hata jumla yake ikakaribia biti bilioni 3 kila sekunde, mzigo ambao Wi-Fi ya nyumbani ya mwaka 2010 haikuwa na nguvu za kuubeba. Kwa hiyo kompyuta hulazimika kuinakili picha iliyo katika kioo chake, kuibana mpaka ibaki sehemu ndogo mno ya ukubwa wake wa asili, kuirusha hewani, na upande wa pili televisheni huifumua tena. Na kwa kuwa kazi yote hiyo inahitaji muda, ukisogeza kipanya mezani utauona mshale katika kompyuta umekwisha kufika, na mshale wa kwenye televisheni ungali njiani unaufuata. Ukuta mnene, pamoja na jiko la maikrowevu na Wi-Fi ya jirani vikutanavyo katika mawimbi ya gigahezi 2.4, huzidisha taabu hiyo.

Intel ilijaribu mwanzoni mwa mwaka 2010, ilipoonyesha Las Vegas mfumo wake ulioitwa WiDi, uliohitaji kompyuta mpakato yenye vipuri vya Intel pamoja na kisanduku cha pembeni kilichouzwa kwa dola 100 hivi. Mwaka huohuo Apple ikaleta AirPlay, iliyofanya kazi kwa ulaini mkubwa, lakini kwa jamaa wa ukoo wa Apple peke yao.

Jaribio lenye insafu zaidi, kwa maoni yangu, lilikuja Septemba 2012, pale Wi-Fi Alliance, muungano wa makampuni yanayosimamia kanuni za Wi-Fi, ulipoitangaza Miracast. Miracast haikuwa mali ya kampuni moja. Kila mtengenezaji aliyetimiza masharti aliweza kuitia katika televisheni, simu au kompyuta yake, na Microsoft ikaiweka katika Windows 8.1 mwaka uliofuata. Fadhila yake kubwa ni kwamba haikuhitaji intaneti wala ruta: kompyuta na televisheni hukutana uso kwa uso, zikashikana, picha ikapita. Ila yake ni kwamba kila kampuni iliitekeleza kwa namna yake, na televisheni ya huyu mara kwa mara ilikataa kuitambua simu ya yule. Ila hiyo ingeweza kutibiwa kwa subira na nia njema. Lakini macho ya wakubwa wa biashara yalikuwa yamekwisha kuelekea kwingine.

Mwezi Juni 2012 Google ilikuwa imeonyesha Nexus Q, tufe jeusi zuri la kutazama, lililotengenezwa Marekani na kutiwa bei ya dola 299, ambalo kazi yake ilikuwa kupeleka muziki na filamu kwenye televisheni. Wahakiki walililaumu kwa ughali wake na uchache wa kazi zake, na kabla ya wiki sita kupita mauzo yake yakaahirishwa, waliokuwa wameliagiza mapema wakapelekewa bure, na halikupata kuuzwa tena. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 24 Julai 2013, mbele ya waandishi wa habari mjini San Francisco, katika mkutano ulioongozwa na Sundar Pichai, aliyekuwa mmoja wa wakuu wa Google, kampuni ileile ikatoa kijiti cha ukubwa wa kidole gumba, cha kuchomeka katika tundu la HDMI, kwa bei ya dola 35. Hicho ndicho Chromecast. Zawadi ya miezi mitatu ya Netflix iliyofungamanishwa nacho iliondolewa mara moja kwa wingi wa wateja.

Siri ya wepesi wake ilikuwa kwamba, katika matumizi yake ya kawaida, simu haikubeba picha kabisa. Simu ilikiambia kijiti ni filamu gani inayotakiwa na iko wapi, nacho kikaenda chenyewe katika intaneti kuichukua, simu ikabaki kuwa rimoti tu. Taabu yote ya kubana na kurusha niliyoieleza juu ikaepukwa. Lakini njia hiyo ilizaa mamlaka mapya, kwa sababu kijiti kilikwenda kule tu kilikoruhusiwa kwenda, na mwenye kutoa ruhusa alikuwa Google. Koushik Dutta, mtunga programu mashuhuri wa Marekani, aliliona jambo hilo mapema kuliko wengi. Mwezi Agosti 2013 alitunga programu ya kumwezesha mtu kurusha kwenye Chromecast video zilizomo katika simu yake mwenyewe. Kabla ya mwezi kwisha Google ikabadilisha programu ya kijiti, na njia ya Dutta ikazibika. Yeye akasema hadharani kwamba mlango ulifungwa kwa makusudi. Google ikajibu kwamba kazi ilikuwa ingali katika majaribio na kwamba ilipenda kukaribisha programu za kila namna. Mlango ulifunguliwa kwa wote Februari 2014, na Dutta akaingia na programu yake ya AllCast. Mimi nauona upande wa Dutta kuwa ndio wenye nguvu, kwani video aliyoipiga mtu kwa mkono wake, akaihifadhi katika simu yake, haipasi kuomba idhini ya mtu wa mbali ili ionekane katika televisheni yake.

Husuma iliyofuata ilikuwa kubwa zaidi. Amazon, ambayo ni duka la bidhaa za kila aina, ilikuwa imetoa Fire TV, kisanduku chake cha kuonyeshea filamu katika televisheni, Aprili 2014, na kijiti chake Novemba mwaka huohuo, hata ikawa inauza bidhaa yake na ya mshindani wake katika duka moja. Mwishoni mwa Septemba 2015 iliwaandikia wafanyabiashara wanaouza kupitia kwake kwamba kuanzia tarehe 29 Oktoba hapatauzwa Chromecast wala Apple TV, kifaa cha Apple cha kazi hiyohiyo, na sababu iliyotolewa ni kwamba vifaa vya namna hiyo lazima vipatane vyema na Prime Video, huduma ya filamu ya Amazon, ili wateja wasichanganyikiwe. Msomaji mwenye kupima mambo atauliza: ni nani aliyekuwa na uwezo wa kuipeleka Prime Video katika Chromecast? Ni Amazon yenyewe, nayo haikuipeleka. Vifaa vya Roku, kampuni nyingine mshindani, vilivyokuwa na Prime Video, viliendelea kuuzwa kama kawaida.

Google ilinyamaza kwa muda, kisha ikalipiza. Septemba 2017 iliiondoa YouTube katika Echo Show, kifaa cha Amazon chenye kioo, ikarudi Novemba, na tarehe 5 Desemba ikaondolewa tena, safari hii pamoja na tangazo kwamba Fire TV nayo itaikosa YouTube kuanzia tarehe 1 Januari 2018. Google ilitoa hoja ya kukosekana kwa kupeana: Amazon haiuzi Chromecast, haiwapi watumiaji wa Chromecast Prime Video, na karibuni imeacha kuuza baadhi ya bidhaa za Nest, kampuni ndugu ya Google. Amazon ikajibu kwamba Google inaweka mfano mbaya kwa kuwazuia wateja kuingia katika tovuti iliyo wazi kwa watu wote. Na upesi ikaweka katika Fire TV vivinjari viwili, Firefox na Silk, ili mtazamaji aingie YouTube kwa mlango wa uani.

Hoja zote mbili zilikuwa na chembe ya ukweli, na hapo ndipo ubaya wake ulipo, kwa maana kila upande ulikuwa na haki ya kumlaumu mwenziwe na hakuna uliomhurumia mtu aliyelipa. Familia iliyonunua kijiti cha Amazon kwa fedha halali ilinyimwa YouTube kwa kosa lisilo lake, na familia iliyonunua kijiti cha Google ikalipia Prime Video isiyoweza kuonekana humo. Katikati ya Desemba 2017 Amazon ilisema itairudisha Chromecast dukani, lakini suluhu kamili haikutangazwa mpaka tarehe 18 Aprili 2019, na huduma hazikubadilishana vioo mpaka Julai mwaka huo. Karibu miaka minne ikawa imepita, wala katika muda wote huo hapakuwa na kizuizi chochote cha mawimbi, cha waya, wala cha elimu ya mafundi.

Wakati huohuo Miracast, ambayo haikuwa na tajiri wa kuitetea, ilikuwa ikisahauliwa. Intel iliiacha WiDi mwaka 2016, na simu za Pixel za Google, tangu ya kwanza ya mwaka huo, zikatoka bila Miracast. Netflix nayo ikakatisha msaada wake kwa AirPlay mwezi Aprili 2019. Tangu hapo televisheni nyingi huja na programu zake ndani, na watu wengi hawakumbuki tena kwamba kulikuwa na ugomvi.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili lina uzito wa pekee. Kijiti kinachokwenda chenyewe katika intaneti kilibuniwa kwa ajili ya nyumba zenye intaneti isiyopimwa, ilhali wengi wetu hununua bando na kulihesabu. Na filamu, mawaidha, video za harusi na masomo ya watoto tunayo katika flashi na kompyuta, si katika maghala ya mbali. Miracast, iliyodharauliwa kwao, ndiyo iliyotufaa sisi, kwa kuwa haili bando hata kidogo. Mwenye kompyuta ya Windows 10 au 11 inayoikubali, akibonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi K, huletewa orodha ya televisheni zilizo karibu, naye huchagua yake. Nasikitika kila nionapo matangazo ya televisheni madukani yakitaja inchi na rangi na majina ya huduma za kulipia, na neno hili moja, Miracast, lisitajwe.

Na ili yaliyowapata wenye Chromecast Machi 2025 yasitukute bila kuonywa, tuna pa kujifunza: Uingereza imeweka sheria, iliyoanza kutumika tarehe 29 Aprili 2024, inayomlazimu mtengenezaji wa kifaa chenye kuunganishwa na intaneti kumwambia mnunuzi, kabla hajanunua, ni kwa muda gani usiopungua atakipelekea kifaa hicho masahihisho ya usalama. Naziomba mamlaka zetu za mawasiliano, TCRA kwa Tanzania na CA kwa Kenya, ziwadai waagizaji wa televisheni na vijiti tamko la namna hiyohiyo, liandikwe juu ya boksi kwa Kiswahili. Nawe msomaji, ukienda dukani, muulize muuzaji kama televisheni ile inapokea Miracast, umtake akuonyeshe palepale kwa kompyuta yako, na usiondoke bila waya wa HDMI.