Basi la mawese

Katika maonyesho makubwa ya Paris mwaka 1900, injini ndogo ya dizeli ya kampuni ya Otto iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Ilizunguka vizuri hata watazamaji wengi hawakujua inakunywa nini. Jaribio lilitakiwa na serikali ya Ufaransa, iliyokuwa na hesabu zake: makoloni ya Afrika yana karanga tele, ya nini kuyapelekea makaa na petroli?

Tatizo lilikuwa uzito, si wa mizani bali wa kutiririka. Mafuta ya mimea ni mazito kuliko dizeli kwa mara kumi hivi. Nozeli hushindwa kuyapuliza yawe ukungu, yakaungua nusunusu na kugandisha masizi kwenye ringi za pistoni.

Dawa ilipatikana Ubelgiji, nchi iliyojipatia mawese Kongo. Mwaka 1937 G. Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels alipata hataza ya kuyachanganya mafuta na alkoholi, gliserini ikajitenga na kubaki kimiminika chepesi, ambacho leo huitwa biodizeli. Mwaka uliofuata basi la abiria likaenda Brussels hadi Louvain kwa mawese yaliyotengenezwa hivyo. Wakongo waliokwea michikichi kwa shuruti hawakuonja safari hiyo.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia petroli ikawa rahisi, na ugunduzi ukalala. Ulipoamka, bei ya mafuta mapya ya mimea ndiyo iliyoukaba, na hapo mabaki ya mafuta ya jikoni yakapata thamani. Graz, Austria, iliyajaribu kwenye mabasi ya mji kuanzia 1994. Kisiwani Maui, Hawaii, fundi Bob King aliona mafuta ya migahawa yakimwagwa jalalani. Mwaka 1996 akajenga kiwanda palepale.

Na moshi? Mwaka 2002 shirika la mazingira la Marekani, EPA, lilijumlisha majaribio mengi ya injini za malori. Mchanganyiko wenye asilimia 20 ya biodizeli ulipunguza chembe za masizi kwa asilimia 10 na monoksidi ya kaboni kwa 11, ila oksidi za nitrojeni zikapanda kwa 2. Nguvu hupungua kidogo mno, dereva hahisi. Anachokiona ni chujio kuziba wiki za mwanzo, kwa sababu biodizeli hung'oa uchafu uliogandia tangini miaka mingi. Mafundi hulibadilisha mapema.