Kaburi Lililomezwa na Miiba

Ndugu msikilizaji, tia mpira ndani ya kopo linaloutosha barabara, uguse juu, chini na ubavuni. Mpira huo umechukua theluthi mbili kamili za ujazo wa kopo. Eneo la uso wake nalo ni theluthi mbili za lile la kopo, kifuniko na kitako vikiwemo. Aliyethibitisha hayo ni Archimedes wa Syracuse, aliyeuawa na askari wa Roma mwaka 212 K.K. Mwaka 75 K.K. Cicero, ofisa wa Roma, alilikuta kaburi lake limemezwa na miiba. Wenyeji walikana kwamba lipo. Alilitambua kwa tufe na mcheduara vilivyowekwa juu yake. Nami nauliza: makaburi ya wataalamu wetu nani anayafyekea?