Pikipiki Yenye Kiu: Historia ya Injini Ndogo na Petroli Inayopotea

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno matano tutakayoyatumia leo: mgandamizo, kabureta, chujio, plagi, mnyororo. Nanyi mnaosoma katika kitabu, yashikeni maneno hayo. Tutayaeleza moja moja.

Habari yetu ni ya pikipiki inayokunywa petroli kupita kiasi. Huenda mtu akauliza: hilo ni jambo la fundi, historia yaingiaje hapo? Yaingia hivi. Pikipiki haikuzaliwa siku moja. Vifaa vingi mnavyoviona juu yake vilitiwa kwa sababu palikuwa na hasara fulani, na kifaa kikaja kuiondoa. Kifaa kikichoka, hasara ile ya zamani hurudi. Basi mtu anayejua kifaa kipi kiliondoa hasara ipi, anajua pia pa kutazama petroli inapopotea. Asiyejua huuziwa kabureta mpya, kumbe ni breki tu iliyoshika gurudumu.

Jambo hili si dogo. Dereva wa bodaboda hulisha nyumba yake kwa fedha zinazobaki baada ya kununua petroli. Tuseme pikipiki yake yamaliza lita 4 kwa kazi ambayo zamani ilimaliza lita 3. Kila siku yeye hutupa lita 1. Kwa siku 26 za kazi ni lita 26. Petroli hiyo haikumfikisha popote, wala hakuna abiria aliyeilipia.

Sasa tuanze safari yetu ya historia.

Mwaka 1860 Lenoir, Mbelgiji aliyekaa Paris, alitengeneza injini iliyowasha gesi ndani ya silinda. Ilifanya kazi, lakini ilikula gesi nyingi mno, kwa kuwa haikuigandamiza kabla ya kuiwasha. Mwaka 1876 Nikolaus Otto wa Ujerumani alitengeneza injini ya mapigo manne. Pigo la kwanza huvuta hewa na mafuta. Pigo la pili huyagandamiza. Katika la tatu moto huwaka na kusukuma pistoni. La nne hutoa moshi. Siri ya akiba ilikuwa katika pigo la pili. Mafuta yaliyogandamizwa hutoa nguvu zaidi kuliko yale yaliyoachwa legelege. Huo ndio mgandamizo. Ringi za pistoni zikichakaa, au vali zisipofunga sawasawa, mgandamizo huvuja, na injini hurudi kidogo kidogo kwenye ulafi wa mwaka 1860.

Mwaka 1885 Gottlieb Daimler na mwenzake Wilhelm Maybach waliitia injini ndogo ya petroli katika kiunzi cha mbao chenye magurudumu, huko Cannstatt, Ujerumani. Ilikuwa na nguvu kama ya nusu farasi. Petroli ilikaa chomboni, hewa ikapita na kuchukua mvuke wake. Njia hiyo ilikuwa na taabu. Jua likizidi mvuke ulizidi. Baridi ikija ulipungua. Tena sehemu nyepesi ya petroli ilitoka kwanza, na iliyo nzito ikabaki chini.

Mwaka 1893 Maybach alipata njia bora. Petroli ilipita katika tundu jembamba, na hewa iliyokuwa ikikimbia ikaivuta na kuirusha kama manyunyu. Mmeona bomba la kupulizia dawa ya mbu? Kazi yake ni hiyo hiyo. Boya dogo likaangalia kimo cha petroli, lisiingie tone zaidi ya haja. Hiyo ndiyo kabureta tunayoijua. Uzuri wake wote u katika kipimo: kilo 1 ya petroli yataka kilo 15 hivi za hewa ili iungue yote. Petroli ikizidi, hutoka kwenye bomba la moshi bila kufanya kazi, na moshi huwa mweusi.

Hapo ndipo tunapoliona chujio la hewa. Barabara za vumbi zilikwangua silinda na ringi, kwa hiyo chujio likawekwa kuzuia vumbi. Lakini chujio lililojaa vumbi huzuia na hewa pia. Mama anayepika kwa mkaa ajua: ukiziba mlango wa jiko, moto hufifia na moshi hujaa. Tena hewa ya mlimani ni nyepesi kuliko ya pwani. Pikipiki ya kabureta iliyopimwa Dar es Salaam, ikipelekwa Mbeya, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hupata hewa pungufu kwa petroli ile ile, nayo hula zaidi.

Na kuwasha je? Pikipiki ya Daimler iliwashwa kwa bomba dogo la chuma lililopashwa moto mpaka likawa jekundu. Husimuliwa kwamba katika safari yake ya kwanza joto hilo lilikichoma kiti. Mwaka 1902 kiwanda cha Robert Bosch, kwa kazi ya mhandisi Gottlob Honold, kilitoa magneto yenye umeme mkali pamoja na plagi yake. Cheche ikapatikana kwa wakati unaotakiwa. Cheche ikiwa dhaifu au ikichelewa, petroli iliyokwisha kulipiwa hutupwa nje na moshi.

Kutoka injini kwenda gurudumuni, pikipiki nyingi za kwanza zilitumia mkanda wa ngozi. Mvua iliponyesha, mkanda uliteleza. Injini ikapiga kelele na gurudumu likabaki nyuma. Mnyororo ukauondoa mkanda huo. Hans Renold alikuwa ameutengeneza mnyororo wa namna hiyo Manchester mwaka 1880. Nayo mipira ya kujaza upepo, ambayo John Boyd Dunlop aliifanya Belfast mwaka 1888, ikarahisisha mwendo. Lakini mnyororo mkavu na tairi lisilo na upepo wa kutosha huiba nguvu kimya kimya.

Mpaka hapa mafundi ndio waliotafuta akiba. Baadaye watu wote walilazimika kuitafuta. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza mwaka 1939, Uingereza ilianza kugawa petroli kwa kadi. Mgawo huo haukuisha mpaka mwaka 1950. Japani nako mafuta yalikuwa shida kubwa baada ya vita. Mwaka 1946, katika mji wa Hamamatsu, Soichiro Honda alichukua injini ndogo zilizoachwa na jeshi, za kutilia umeme mitambo ya redio, akazifunga kwenye baiskeli. Petroli ilipokosekana, alichanganya mafuta yaliyotoka kwenye misonobari. Haya, watu waliosumbuliwa na ukosefu namna hiyo hawawezi kudharau tone. Mwaka 1958 kiwanda chake kilitoa Super Cub, yenye injini ya mapigo manne na ukubwa wa sentimita 49 za ujazo. Pikipiki nyingi ndogo za wakati huo zilikuwa za mapigo mawili, na katika hizo sehemu ya petroli hutoroka na moshi kabla ya kuungua. Kufika mwaka 2017, Super Cub zaidi ya milioni 100 zilikuwa zimetengenezwa.

Mwaka 1973 bei ya mafuta duniani ilipanda, na katika miezi michache ikawa karibu mara nne. Watu wazima wa Tanzania wanazikumbuka Jumapili za miaka ya shida ya mafuta iliyofuata, ambapo magari ya binafsi yalikatazwa kutembea baada ya saa nane mchana. Leo pikipiki ndogo ya mapigo manne ndiyo ya bodaboda. Jina hilo lilianza Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, kwa baiskeli zilizovusha watu kutoka mpaka hadi mpaka.

Basi, ndugu zangu, historia imetuonyesha pa kutazama. Tutafute kwa utaratibu, kutoka kisichogharimu kitu mpaka kinachogharimu sana.

Kwanza, pima. Jaza tangi, andika namba ya mita. Fanya kazi yako ya kawaida, kisha jaza tena mpaka pale pale. Tuseme mita ilikuwa 20,150 na sasa ni 20,330. Umetembea kilomita 180. Ukiwa umetia lita 6, gawanya: kilomita 30 kwa lita. Fanya hivyo mara tatu. Mara moja haitoshi, maana mzigo, mlima na matope hubadili hesabu. Anayelalamika bila daftari hana ushahidi mbele ya fundi.

Pili, tazama uvujaji: tangi, mpira wa petroli, chini ya kabureta. Tumia macho na pua. Usiwashe kiberiti wala sigara.

Tatu, tazama mwendo. Pima upepo wa matairi. Inua gurudumu, ulizungushe kwa mkono. Likisimama mara moja, breki imeshika. Tia mnyororo mafuta, nao usikazwe mno wala kulegezwa mno. Injini ikipiga kelele bila mwendo kuongezeka, klachi yateleza, kama ule mkanda wa ngozi siku ya mvua.

Nne, tazama hewa. Safisha chujio, au weka jipya. Hakikisha choki haikubaki imefungwa baada ya injini kupata moto.

Tano, fungua plagi uisome kama barua. Rangi ya kahawia yasema salama. Masizi meusi makavu yasema petroli imezidi au cheche ni dhaifu. Nyeupe yasema petroli ni pungufu na injini yaweza kuungua. Kwa hiyo usiibane kabureta kupita kiasi kwa kutaka akiba. Utaokoa petroli na kununua pistoni.

Sita, ndipo ifunguliwe kabureta. Boya liwe katika kimo chake, na sindano yake ifunge vizuri. Tundu la petroli lisichokonolewe kwa waya, maana waya hulipanua, na tundu pana hunywesha injini siku zote.

Saba, na mwisho kabisa, ni vali na ringi. Hiyo ni kazi ya fundi, na gharama yake ni kubwa. Usikubali kuanza nayo kabla ya kupita njia sita za mwanzo.

Tena usimsahau dereva. Anayekaza mwendo kisha akashika breki ghafula huzima kwa mguu nguvu aliyoinunua kwa fedha. Haraka haraka haina baraka, hata barabarani.

Maswali ya darasa:

1. Injini ya Otto ya mwaka 1876 ilizidi ile ya Lenoir kwa jambo gani?
2. Kwa nini chujio chafu huongeza matumizi ya petroli?
3. Pikipiki imetembea kilomita 208 kwa lita 5 na nusu. Mwezi uliopita ilitembea kilomita 45 kwa lita moja. Je, imeharibika? Onyesha hesabu yako.
4. Mwenye pikipiki ajadiliane na wenzake: katika njia saba tulizotaja, zipi aweza kuzifanya mwenyewe leo jioni?

Somo lijalo mje na daftari zenu, na mwenye pikipiki aje na hesabu yake ya kilomita na lita. Kwaherini.