Unaleta kasuku mpya nyumbani? Usimchanganye na wenzake siku hiyo hiyo

Umepata kasuku, na nyumbani tayari una mwingine, au njiwa, au kuku uani. Tulia kwanza. Ndege anayeonekana mzima anaweza kuleta ugonjwa ukamaliza banda zima.

1. Uliza kibali kabla ya bei
Kasuku wadogo wenye kichwa cheusi na shingo ya njano ni wenyeji wa nyika za katikati ya Tanzania, Dodoma ikiwemo. Hao ni wanyamapori. Kuwakamata bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Muuzaji hana karatasi? Achana naye, waulize TAWA.

2. Mtenge siku 30 hadi 45
Akae chumba kingine kabisa, na vyombo vyake mwenyewe. Kila siku hudumia ndege wa zamani kwanza, mgeni awe wa mwisho, kisha nawa mikono kwa sabuni na ubadili viatu. Kasuku anaweza kubeba virusi vya kideri (mdondo) kwa muda mrefu bila dalili, na kideri hufyeka kuku. Kuku wako wapate chanjo ya matone ya jicho kila baada ya miezi 3.

3. Jikinge na wewe
Kuna homa ya kasuku inayompata binadamu kwa kuvuta vumbi la kinyesi kikavu. Dodoma kwa upepo na ukavu wake, usifagie tundu hivi hivi: nyunyizia maji kwanza. Ukipata homa na kikohozi, mwambie daktari kwamba unafuga kasuku.

4. Watambulishe taratibu
Weka matundu mawili mbalimbali, waonane tu. Yasogeze kidogo kila siku, ila yasigusane, maana kasuku hung'ata vidole vya jirani. Wakitulia, wafungulie mahali ambapo si pa yeyote kati yao, dakika 10 hivi, ukiwa hapo hapo. Kasuku na kuku au njiwa wasichanganywe kabisa.

5. Dalili za kusimama
Kufukuzana, kunyonyoana manyoya, mmoja kuzuiwa chakula: watenganishe. Akijikunyata, akiharisha au akikohoa, mwite afisa mifugo wa kata.

Wengine hawapatani hata baada ya miezi. Basi kila mmoja abaki na tundu lake, na wote watakuwa salama.